Namba Iliyokuwa Chini ya Kibandiko

Jumatano, tarehe tisa Aprili, saa tatu na robo asubuhi. Mkono mmoja wa Mama Picha, mpimaji wa zahanati yetu, uko juu ya tumbo la mjamzito, wa pili unafuta jeli iliyorukia kioo cha mashine ya utrasaundi. Ukucha unanasa kibandiko cha ofisi, kile chenye namba ya mali. Kinabanduka. Chini yake inawaka namba nyingine: 2.8.

“Niligutuka,” anasema. “Nikamwambia, ‘Mwanangu, leo tumemaliza mapema.’”

Namba ile ni makadirio ya joto ambalo mawimbi ya mashine yanaweza kuutia mwili. Kwa mimba inatakiwa iwe ndogo, chini ya moja, na mpimaji asikawie. Mashine ilikuwa imeachwa, hakuna ajuaye tangu lini, kwenye mpangilio wa kupimia mishipa ya miguu ya watu wazima.

Kwa miaka miwili wakubwa walikuja kuhakiki mali. Kibandiko wakakiona, wakatia saini, wakaenda zao. Anayelala chini ya mali hiyo hawana habari naye. Sisi tuliozika wake zetu tukingoja saini zao, hatushangai.

Msimamizi wa zahanati alimwandikia barua ajieleze.

“Nimeulizwa kibandiko kiko wapi,” anasema Mama Picha. “Sijaulizwa akina mama wako wapi.”

Ana miaka hamsini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo kaimaliza katika chumba hiki chenye pazia la kijani na feni inayolalamika. Siku hizi, kabla mtu hajapanda kitandani, anakagua mpangilio, anaisoma namba kwa sauti, na kuiandika pamoja na dakika kwenye daftari alilonunua mwenyewe. Akitaka kueleza jambo, anaigandisha picha kwanza.

“Mawimbi yamelala. Haya, tupige soga.”

Leo mjamzito mmoja anabembeleza: “Bibi, niongezee mapigo ya moyo kidogo, mume wangu arekodi.”

“Mumeo akitaka muziki anunue redio! Mtoto anacheza, moyo unapiga. Shuka, mama.”

Foleni nzima nje ya pazia inaangua kicheko. Naye anacheka, ila kicheko chake hakifiki mbali.

Januari, kitandani hapo alilala binti yake, mimba changa.

“Mjukuu wa kwanza! Nikasahau saa. Mkwe asikilize, shangazi mtu asikilize, mpaka jirani aliyewasindikiza. Dakika ishirini nzima.”

Sasa mimba ina miezi saba. Binti humtania: “Mama, kwa mateke haya, huyu hajaiva hata kidogo.” Mama Picha humpiga kikofi cha begani, kisha huomba aguse tumbo tena.

Anataka namba na dakika ziandikwe kwenye kadi ya kila mjamzito, katika kila zahanati, na mafundi wakija wasiishie kusifia picha. Barua yake ya maombi iko mezani kwa msimamizi tangu Mei.

Daktari amemwambia kwa upole kwamba hatari huenda ni ndogo sana. Ameshukuru. Lakini mashine haikutunza kumbukumbu, na swali lake kwa fundi, kwa daktari, kwa msimamizi, ni lile lile:

“Dakika zile ishirini, mjukuu wangu alipimwa kwa namba ngapi?”