Picha Iliyoiva Kifuani Mwangu

Haya ninayokusimulia yalitokea kweli, tena Jumapili alasiri, watu wakipita, na mimi pombe siinywi. Nasema mapema kwa sababu najua mtakachosema. Jirani yangu alishaamua kwamba zile dawa za kwenye filamu zimenipanda kichwani. Haya, zimenipanda. Na mama yangu aliyeona kwa macho yake, yeye zilimpanda lini? Kaa usikilize kwanza, utahukumu baadaye.

Mimi ni mpiga picha. Utanikuta Gisenyi ufukweni, mpakani na Goma, pale maharusi wanaposhuka kupiga picha na ziwa. Nilikulia Karagwe, Tanzania, kabla wazazi hawajaturudisha nyumbani, ndiyo maana watu wa Goma hukicheka Kiswahili changu. Siku hizi kila mtu ana simu, sasa nani atamfuata mpiga picha? Nilikuwa nimeshakata tamaa, nafikiria kuuza viatu vya mitumba, nikasikia kwamba zile kamera za zamani zinazotema picha palepale zimerudi. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa na filamu imekufa kabisa. Kumbe kampuni nyingine ya huko Ulaya imeifufua, ikabidi ijifunze upya hata kutengeneza dawa zake. Nikaagiza kamera yangu kupitia Kigali, na siku ilipofika nilicheza barabarani, aibu sina.

Watu waliipenda, niamini! Mtu ana picha chungu nzima ndani ya simu, lakini ukimpa hiyo moja ya karatasi anaishika kama yai. Ila filamu hii mpya inadeka. Ikitoka tu inabidi uifiche mwanga. Wazee wanaozikumbuka zile za zamani huinyakua na kuanza kuitikisa, nami nawapigia kelele: "Usitikise mzee, si dawa ya kikohozi hiyo!" Tena haitaki baridi. Upepo wa ziwa ukivuma, au ukungu ukishuka kutoka kwenye volkano, picha inatoka ya bluu, imepauka, watu hawana nyuso. Basi nikajiwekea utaratibu wangu. Nikishapiga, namkabidhi mteja picha yake mwenyewe aitie kwapani, chini ya nguo, aipashe joto mpaka iive. Watu wanafurahi, wanazunguka ufukweni mkono umebana kama wamevunjika bega. Inachukua robo saa hivi.

Sasa nije kwa mdogo wangu, Vestine. Ameshapita miaka thelathini na bado yuko kwa Mama. Anauza vitenge Goma. Kila asubuhi alikuwa anavuka mpaka pale Petite Barrière na mzigo kichwani, jioni anarudi. Mchumba wa kwanza alimwacha familia zikiwa zimeshakubaliana ng'ombe. Wa pili alioa rafiki yake. Basi mashangazi wakapata la kusema. Kila harusi ni, "We Vestine, kwako tutakunywa lini?" Naye anacheka. Mimi nilikuwa naona anavyocheka, roho inaniuma.

Ghafla akaanza kuimba jikoni. Tukamhoji, akasema kuna mwanaume amekutana naye pale mpakani, anaitwa Faustin, wa Bugeshi, kule juu kwenye viazi na baridi. Kila jioni anamsindikiza na kumbebea mzigo. Kuja nyumbani kujitambulisha, haji. Kisha siku moja Vestine anatuambia, bila hata kukaa chini, kwamba Jumapili anaondoka na Faustin kwenda kuishi kwake. Yebaba we! Bila posa, bila ng'ombe, bila mtu wa kwao kuketi na wa kwetu? Binti akijiozesha mwenyewe namna hiyo, anamwacha mama yake bila uso mbele ya watu. Mama alijilaza akageukia ukutani. Mimi nilifoka mpaka sauti ikakauka. Vestine akasema tu, "Dada, naomba utupige picha. Nataka kumwachia Mama."

Jumapili alasiri wakanifuata ufukweni, yeye na Faustin. Ukungu ulikuwa umeshuka hata ziwa hulioni vizuri. Faustin alikuwa mrefu, mpole, amevaa koti zito lililofungwa mpaka shingoni. Nikanyoosha mkono nimsalimie, naye akanipa kifundo cha mkono kilichofunikwa na koti, kama anavyofanya mtu aliyetoka shambani.

"Unisamehe, shemeji," akasema. "Mi niko na udongo ya viazi."

"Ushemeji una njia yake, na hiyo njia hujaipita," nikamjibu. Nilitaka ajisikie vibaya.

Akatabasamu, akainamisha kichwa. Nikwambie ukweli, alikuwa mtu mzuri. Na Vestine alikuwa anamtazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama mtu. Hilo nalo liliniudhi.

Nikawaketisha kwenye benchi, wameshikana mikono. Nikapiga mbili, maana filamu hii haina nakala, ikitoka moja ni hiyohiyo duniani. Ya kwanza Vestine akaitia kwapani, ya pili Faustin akaiingiza chini ya koti lake. Tukangoja. Nilikuwa nazunguka lile benchi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nasimama, nafungua begi la kamera, nalifunga.

Vestine akatoa yake. Jamani, ilikuwa nzuri! Imetoka na rangi ya asali, yeye anacheka, Faustin kamgeukia anamtazama, uso wake una uhai kuliko hata alivyokuwa amekaa pale. Faustin naye akatoa yake. Nyeupe. Haina mtu, haina benchi, ni weupe wenye ubluu kwa mbali. Nilipoishika niliruka. Ilikuwa ya baridi kama samaki aliyetolewa kwenye friji. Sasa niambie wewe, kitu kimekaa kwapani mwa mtu, ndani ya koti zito, kinapoaje vile?

"Karatasi yako imekufa, shemeji," akasema taratibu. Kisha akachukua begi la Vestine. "Tuende, Vesti. Voiture ya Bugeshi haitatungoja."

Vestine alinikumbatia kwa nguvu, akanipa picha ile nzuri nimpelekee Mama, wakaondoka. Mimi nikabaki na zote mbili. Filamu ni ghali na mimi ni mbishi, kwa hiyo ile nyeupe niliitia kifuani, ndani ya sidiria, nikaanza kupanda kwenda nyumbani. Njia nzima ilikuwa inanichoma kwa baridi. Halafu nilipokaribia mlangoni ikaacha.

Wanaoijua kazi hii watasema haiwezekani, filamu ikikosa joto mwanzoni ndiyo basi. Nami nilijua hivyo. Lakini nilipoitoa mbele ya Mama ilikuwa imeiva. Benchi lipo. Vestine yupo, anacheka, kanyoosha mkono wake pembeni, na mkono ule haujashika kitu. Na Faustin amekaa palepale nilipomketisha, ila macho yamefumba. Ana pamba puani. Amezungushiwa shuka jeupe, na mkono wake umelala kifuani, umefumbata kitu cheusi.

Nikampa Mama. Tangu asubuhi alikuwa hajasema neno na mtu. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama sana.

"Hicho cheusi ni nini, Mama?"

"Ni mkaa," akasema. "Zamani kijana akifa hajaoa, hana mtoto, walimzika na kipande cha mkaa, maana moto wake umezimika. Huyu amezikwa, mwanangu. Vestine yuko wapi?"

Viatu sikuvaa. Nilisimamisha motari wa kwanza niliyemwona na pikipiki yake, nikamwambia anikimbize kwenye magari ya Bugeshi, na njia nzima nampiga mgongoni, ongeza, ongeza! Alidhani nimechanganyikiwa. Mvua ikaanza. Nilikuwa naomba, halafu natukana, halafu naomba tena.

Niliwakuta. Gari lilikuwa linanguruma tayari, wao wamekaa kiti cha nyuma, Vestine dirishani. Nikaligonga lile dirisha kwa ngumi zote mbili. "Vestine, shuka! Mama ameanguka!" Ulikuwa uongo, ndiyo. Ulitaka niseme nini mbele ya abiria wale, kwamba mchumba wako ana pamba puani?

Vestine akamgeukia Faustin. Nilijua atamshika, nikajiandaa kupigana naye mbele za watu. Hakumshika. "Shuka, Vesti," akamwambia. "Mi sina haraka." Kisha akaniangalia mimi. Machoni mwake sikuona hasira hata kidogo. Ilikuwa huzuni tupu, nami, Mungu anisamehe, nilikaribia kumwonea huruma.

"Nitamungoja tu, shemeji," akasema.

Vestine akateremka na begi lake. Kabla mlango haujafungwa, konda akaanza kuita: "Nafasi iko mbili! Bugeshi, mbili!" Mbili? Vestine aliacha kiti kimoja. Nikatupa jicho dirishani, nikaona mama mmoja na kikapu chake anajisogeza kwenye kile kiti cha nyuma, anajisogeza mpaka pembeni kabisa, bila kumwomba mtu ampishe. Nikamvuta Vestine tukaondoka.

Utaniuliza kama nilikwenda Bugeshi kuulizia. Sikwenda. Wengine huwa wanakwenda, wanaoneshwa kaburi, wanazimia, wanarudishwa kwa machela. Mimi napenda kulala kwangu. Mama aliitia ile picha kwenye jiko la mkaa, ikajikunja na kutoa harufu mbaya iliyokaa jikoni siku nzima. Ile nzuri Vestine aliichukua, na alikoiweka sijui.

Kazi bado naifanya. Lakini siku hizi simpigi mtu picha mpaka nimeshika kiganja chake, kiganja kitupu, awe bwana harusi au mkuu wa nani. Wateja wamenizoea, wanadhani ni adabu. Na ukungu ukishuka siwezi kutulia. Nafunga kazi mapema, napiga simu nyumbani, hawajapokea napiga tena, nafika nakagua vyumba vyote kama askari. Mama ananiambia keti, mwanangu. Nitaketije? Yule alisema anangoja.

Vestine hakuvuka mpaka tena. Anauza vitenge vyake hapahapa mjini. Jikoni haimbi. Siku ile tulipofika nyumbani alimkuta Mama amesimama wima anakoroga uji, wala hakuuliza kwa nini nilimdanganya. Nilidhani amesahau kwa mshtuko. Juzi tulikuwa tunachambua maharage, sisi wawili, nikashindwa kujizuia, nikamweleza yote, pamba, shuka, mkaa. Hakushtuka. Vidole vyake viliendelea kutoa vijiwe.

"Nilijua, dada," akasema.

"Ulijua? Ulijua, na ukapanda gari?"

"Nilijua wiki ya kwanza. Alinibebea mzigo kila jioni. Akaniuliza kama nimekula, kama nimechoka, nani kaniudhi leo." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Walio hai walikuwa wapi?"

Nililia juu ya maharage yale, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Kwa hiyo onyo langu, wewe unayenisikiliza, si la kamera wala si la wanaume wa Bugeshi. Kama kwenu kuna mtu ambaye jioni akirudi hakuna anayemuuliza siku yake ilikwendaje, muulize wewe. Muulize leo, kabla hajapata mwingine wa kumuuliza.