Chupa Mbili za Maji ya Sherikat

Kisakye alikuwa msusi, Mganda mcheshi ambaye wanawake wa mtaa wa Sherikat walimmwagia siri za waume zao bila hata kuombwa. Lakini siku shirika moja lilipompa kipaza sauti atangaze kwamba pampu ya kanisani ina vijidudu, wanawake hao hao walimgeuka.

"Nani amekutuma? Wenye magari ya kuuza maji?" alifoka Ketty, muuza samaki aliyewahi kuishi uhamishoni Uganda. "Mwaka jana mtu ingine alisema hii maji iko safi. Leo wewe unasema iko chafu. Sisi iko watoto?"

Kisakye alishusha kipaza sauti. Kusema kweli, yeye mwenyewe hakuwa ameona kipimo chochote. Alipewa karatasi tu, akaisoma.

"Basi kapime wewe, nyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Chupa ubebe mwenyewe. Mimi sitaigusa."

Ketty hakulitarajia hilo, ila kurudi nyuma mbele za watu hakuweza. Alikwenda mtaa wa Amarat, akachukua chupa mbili kwenye maabara. Moja akaijaza kwenye pampu ya kanisani. Ya pili, kwa ukorofi tu, akaijaza kwenye pampu iliyo nyuma ya saluni ya Kisakye. Kisha akapanda bodaboda, amezipakata kama mapacha wachanga.

Siku ya tatu aliingia saluni na majibu. Viti vyote vilikuwa na wateja.

"Soma," alisema.

Kisakye alisoma. Maji ya kanisani yalikuwa machafu kweli. Alipofika mstari wa pili, aliona ni pampu ya saluni yake. Angeweza kuishia pale, maana Ketty hakuwa hodari wa kusoma.

"Na ya kwangu pia ni machafu," alisema polepole. "Miaka mitatu nawapa maji haya mnywe. Sikujua, jamani. Mnisamehe."

Rejoice, mteja mmoja kichwa kimesukwa nusu, akaangua kicheko. "Kumbe lile tumbo langu la kuhara la Krismasi lilitoka hapa!"

Saluni nzima ikacheka, Ketty akiwa wa kwanza kufuta machozi. Maswali yakaanza: yachemke kiasi gani? Dawa ya maji inafaa kwa mtoto mchanga?

"Hilo silijui," Kisakye alijibu. "Nitauliza." Akauliza kweli, akaleta jibu kesho yake.

Ni Bior tu, fundi baiskeli wa jirani, aliyeendelea kubisha. Mkewe akawa anamchemshia maji bila kumwambia.