Pale Ngoma Ilipogeuka

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Macho yangu yalikuwa chini muda mwingi, kwa hiyo hayana mengi ya kunieleza. Masikio ndiyo yaliyokuwa wazi, na mpaka leo nikisikia ngoma za sikukuu ya kambi yetu ya kiwanda zinashuka barabara ya Shituru, naacha kazi niliyoshika, nasikiliza zinaelekea wapi.

Jumapili ulikuja hapa na bendera mpya begani, umefurahi, na mimi nikafurahi nawe. Wamekuchagua wewe kuitangulia sikukuu mwaka huu, kama baba yangu alivyoitangulia miaka mingi. Nikakuuliza mtapita wapi. Hukufikiri hata kidogo, ukanijibu mimi bibi yako, "Tutageuka ku kona ya depo, nkambo. Njo njia ya bankambo." Nilicheka mpaka nikakohoa. Ukanikimbilia na kikombe cha maji, ukadhani ni uzee. Haukuwa uzee. Leo umerudi, basi weka simu chini, ukae, nikueleze hiyo njia ya mababu ilitengenezwa na nani.

Zamani, sikukuu, au feti kama tunavyoiita, ilikwenda moja kwa moja. Tukitoka misa, bendera mbele, ngoma nyuma yake, kisha sisi wasichana, kisha mama zetu na vikwembe, yaani vitenge, vya rangi moja, kisha wanaume wa kiwandani na helmeti walizozisugua mpaka zikang'aa. Kwenye kona ya depo, lile ghala kubwa, hakuna aliyegeuka, maana kule nyuma kulikuwa na nini cha kuona? Mavi ya mbuzi na vyuma vibovu. Tulinyoosha mpaka gare, na pale mbele ya stesheni baba aliinamisha bendera mpaka ikagusa vumbi. Ngoma zilinyamaza. Mtu wa reli alipiga honi ya treni, ndefu, mpaka watoto wanaziba masikio.

Ndipo Mama Mbuyi alipotoka mstarini. Huyu alikuwa mama yangu wa ubatizo, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti iliyotuaibisha sisi vijana wenye mapafu mapya. Aliuliza, "Mulitoka wapi?" Na kila mmoja alipaza jina la kule babu yake alikopandia treni. Kasai! Lomami! Kongolo! Luapula! Majina yaligongana hewani, huwezi kusikia hata moja vizuri. Aliyaacha yaishe, kisha akauliza tena, polepole, "Na sasa muko bantu ya wapi?" Tukajibu sote kwa pamoja, "Bantu ya Likasi!" Honi ikalia mara nyingine, na baada ya hapo ilikuwa pombe na kucheza.

Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yenyewe. Mengine yote yalikuwa mapambo. Babu zetu walishuka pale na mabegi yao ya kamba, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakapelekwa kwenye mashimo ya madini na matanuru. Kila mwaka tulirudi pale kuambiana kwamba tumekuwa kitu kimoja. Mimi niliamini. Nilidhani kitu kinachosemwa kwa sauti namna ile hakiwezi kuwa uongo.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vitu vikaanza kuvunjika. Mshahara ulichelewa, ukawa nusu, ukawa hadithi. Maduka ya mjini yaliporwa mpaka milango. Bomba la kiwanda, ambalo tulilitukana maisha yote kwa kutukohoza, likakaa siku nzima bila moshi, na tukajikuta tunautamani moshi. Tulikuwa na njaa. Wakubwa wa siasa wakatuonyesha wa kulaumu, na sisi, badala ya kuwauliza wao walikuwa wapi, tukashukuru kupunguziwa kazi ya kufikiri. Wa kulaumiwa walikuwa jirani zetu wa asili ya Kasai. Waliitwa bilulu, wadudu. Midomo iliyosema hivyo ilikuwa imekula bukari, ule ugali wetu, kwenye meza zao.

Vijana walipita na fimbo, nyumba kwa nyumba. Mama Mbuyi alizaliwa hapa hapa, mji ukiitwa bado Jadotville, jina la wakoloni. Kasai aliijua kwa kusikia tu, kama wewe unavyoijua Ulaya. Wakamwambia arudi kwao. Akawauliza kwao ni wapi, na hakuwa akitania. Alitolewa na wajukuu wake, godoro moja na sufuria, akapelekwa gare pamoja na wengine wengi. Walilala pale chini ya vipande vya hema, mvua juu, matope chini, wakingojea treni iliyokuja ilipotaka. Watoto waliharisha. Waliokufa walizikwa haraka, na sisi kambini tulizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba ni wao wanaopaswa kuona haya.

Nilikwenda kumwona mara moja, nikampelekea chumvi. Nilisimama nalia. Yeye ndiye aliyenifariji, hebu fikiria. Akanishika kidevu, akasema, "Acha kulia, weye. Siku ya feti mutapita hapa, nitabaona bote. Nitauliza ile swali yangu."

Niliondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa. Nilimwambia baba, na baba akaitikia kwa kichwa tu. Baba yangu hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa tanuru, nusu ya masikio yake ilikuwa imekufa kwa kelele, na sauti yake ya kuimba, Mungu amrehemu, ilifukuza njiwa.

Siku ya sikukuu ikafika. Wengine walisema isifanyike, kwa kuwa hakuna pesa wala furaha. Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja wa ofisini mwenye tai, akasema ni lazima ifanyike ili wageni wakubwa waone kwamba Likasi imetulia. Basi tukavaa. Tukatoka misa. Nilikuwa mstari wa kwanza wa wasichana, mgongo wa baba nauona mbele, katikati ya wapiga ngoma.

Tulipofika kona ya depo, mwenyekiti akatoka pembeni, akanyoosha mkono kushoto.

"Papa, tunapita huku."

Baba akasimama. Nyuma yetu watu walianza kukanyagana.

"Feti inapita ku gare," baba akasema.

"Mwaka huu tu, papa. Bageni iko mu terrain ya mupira, banatungojea. Haiko muzuri baone ile bintu."

"Bintu gani?"

Mwenyekiti akafuta jasho. "Unajua muzuri minye niko nasema nini. Ni mwaka huu tu."

Vijana wenye fimbo walikuwa wamesimama chini ya ukuta wa depo, wakitazama. Niliwajua kwa majina, wawili tulisoma nao. Baba hakuwatazama. Alimpa mwenyekiti bendera, taratibu, kama unavyomkabidhi mtu mtoto aliyelala. "Kamata," akasema. "Minye naenda ku feti."

Akatembea mbele, peke yake, katikati ya barabara, na koti lake la misa. Bendera ikageuka kushoto. Ngoma zikaifuata bendera, na miguu yetu ikazifuata ngoma. Hakuna aliyenisukuma, mwanangu. Sijui hata kama nilichagua. Ngoma ilisema twende, na mwili uliofundishwa kuifuata tangu utotoni ukaenda. Mama yangu naye aligeuka. Padri aligeuka. Sote.

Na hapo nikasikia baba anaimba. Ule wimbo wa kuingilia gare, aliuimba peke yake, kwa ile sauti mbovu, bila aibu. Sisi tulikuwa tunaimba kwa nguvu upande huu, mamia ya watu, na bado nilimsikia, kila hatua sauti ikififia, ikififia, mpaka ukuta wa depo ukaingia katikati yetu. Nilicheza siku ile. Watu walinisifu kwamba nilicheza vizuri.

Baba alirudi jua likizama. Aliketi, akavua viatu, akaweka mezani kikwembe cha sikukuu kilichokunjwa vizuri. Nilikijua, ni cha Mama Mbuyi. Mama akamuuliza kama amekula. Alinitazama mimi.

"Alikuwa amevaa hii, amenipa nikuletee," akasema. "Alivalisha batoto. Alipanga bantu mu mustari, na bagonjwa balisimama. Balikuwa banatungojea."

Nikaanza kulia. Akanikataza.

"Nilifika, akaniuliza, 'Feti yote ni weye tu?' Nikasema, 'Ni minye tu, mama.' Alicheka. Kisha akauliza ile swali. Mulitoka wapi. Hakuna muntu alijibu. Akauliza ya pili. Muko bantu ya wapi." Baba akakuna goti. "Balijibu, binti yangu. Pale mu matope, na bagonjwa bao. Bote balisema, bantu ya Likasi."

Mama akatoka nje. Mimi nikasema lile neno la kijinga, kwamba ilikuwa mwaka huu tu, mwenyekiti amesema. Baba alinikasirikia namna ambayo hakuwahi kunikasirikia kabla wala baada ya hapo.

"Hapana! Mu feti hakuna kintu ya mara moja. Leo mumegeuka, batoto balikuwa mu mustari, baliona. Mwaka kesho miguu yao itageuka yenyewe. Kisha batasema ni mila. Na siku batasema ni mila, itakuwa kama yule mama hakukuwako."

Asubuhi nilikimbia gare. Nilimkuta Mama Mbuyi anafunga sufuria kwa kamba, maana treni ilikuwa imefika, ya mabehewa ya mizigo. Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri miaka yote hii kama angenitukana. Alinipa kamba nimshikie, akasema huku anakaza fundo, "Nilisikia ngoma, inakuja karibu, karibu. Nikabaambia bantu, simameni, banafika. Kisha ikaenda mbali. Nikasema pengine masikio yangu njo mubaya." Nilimsaidia kupandisha watoto. Behewa halikuwa na paa. Mtu mmoja aliyerudi baadaye alituambia kwamba Mama Mbuyi hakufika, na kwamba alizikwa kando ya reli, mahali ambapo treni ilisimama kidogo tu.

Mwaka uliofuata gare ilikuwa tupu. Hapakuwa tena na kitu cha kuficha, tungeweza kunyooka. Mwenyekiti akasema, tupite njia ya mwaka jana, watu wameshaizoea. Mwaka mwingine hakuna aliyesema kitu, bendera iligeuka yenyewe. Yale maswali ya Mama Mbuyi yakahamishiwa uwanjani, yakafupishwa, maana swali la kwanza lilikuwa na majina ambayo watu hawakutaka kuyasikia. Lilibaki la pili tu. Leo mnapaza jibu lake kwenye maikrofoni, "Bantu ya Likasi!", na mnapigiwa makofi, na hakuna anayejua ni nani waliolitamka kwa ukweli mara ya mwisho. Baba hakupewa tena bendera. Watu waliacha kunywa naye, wakasema ana kichwa kigumu. Alikufa bila mtu hata mmoja kumwambia, papa, ulisema kweli. Hata mimi nililisema neno hilo akiwa tayari hasikii.

Nina uchungu, ndiyo. Usiniambie nisamehe. Waliokuwa na haki ya kusamehe hatujui hata makaburi yao. Na sikuambii haya ili uichukie sikukuu. Ipende, lakini ijue. Watu hawasahau kwa kukaa kimya tu, mwanangu, tulisahau tukiwa tunacheza, tumevaa vizuri, na ngoma ikituambia kwamba tunakumbuka. Kwa hiyo popote utakapoona sikukuu inakata kona bila sababu, uliza kuna nini upande ule mwingine. Ukiambiwa ni mila, uliza ilianza lini. Ukiambiwa ni mara hii tu, ujue ndiyo itakayobaki.

Sasa sikia ombi langu. Mkifika kona ya depo, usigeuke. Watakuambia wageni wanangoja, watakuambia nyasi zimeota pale stesheni, watakuambia mengi. Shika bendera kwa mikono miwili na uende mbele, hata ukibaki na sauti yako peke yake. Mimi siku hiyo sitakuja kanisani. Nitakuwa nimeketi mbele ya gare tangu asubuhi, nimevaa kile kikwembe cha Mama Mbuyi, rangi imekwisha lakini maua bado yanaonekana. Nitauliza maswali yote mawili, la kwanza na la pili, nami nataka nisikie Kasai ikitajwa pamoja na mengine.

Mungu wa baba yangu akupe miguu migumu na shingo ngumu. Akupe sauti, hata kama ni mbovu kama yake. Uzae watoto, wao pia wakuulize njia hii ilitoka wapi, na uwe na jibu lisilokufanya utazame chini. Nenda, mwanangu, nimekubariki. Masikio yangu bado ni mazima. Usinifanye nisikie ngoma inakuja karibu, karibu, kisha inakwenda mbali.