Asheri, Sauti ya Hoteli ya Mohsin

Miaka ile ukimwuliza mtu wa Ngamiani hoteli ya Mohsin iko wapi, hakukuelekeza kwa kidole. Alikwambia, "Nyamaza kwanza, utamsikia Asheri."

Asheri alikuwa Mshambaa wa Bumbuli. Alishuka pwani kukata mkonge, miiba ikamshinda, akapata kazi ya kuwaandalia watu chakula mezani kwa Mohsin. Mohsin, Mwarabu mzaliwa wa papo hapo Tanga, alikaa mlangoni na bweta lake la fedha. Mama yake, Bi Muzna, alipika nyuma ya pazia, na kwa heshima yake hakuna mteja aliyepata kumwona. Kati ya bweta na pazia alisimama Asheri, na sauti aliyoinoa katika kwaya ya Kilutheri.

Mtu akiingia, Asheri aligeukia jikoni: "Fundi cherehani kaja, leo ana njaa! Mbaazi na mkate wa mofa!" Mtu akiinuka kwenda zake, aligeukia mlangoni ili Mohsin ajue cha kutoza: "Huyo mwenye mwavuli! Chai mbili, mbaazi bakuli tatu!"

"Taratibu, yakhe," mwenye mwavuli alimlalamikia siku moja. "Shemeji zangu wanakaa nyumba ya pili!"

"Basi kesho kula bakuli moja, nami nitanong'ona."

Jioni alirudi nyumbani sauti imemkauka kabisa. Mkewe, Dorkasi, mtoto mgongoni, alimtilia asali kwenye maji ya tangawizi. Wageni wakija, Dorkasi ndiye aliyeitikia hodi na kumjibia mumewe, na Asheri akawa anatikisa kichwa tu.

Kisha Mohsin akaenda Mombasa kwa harusi, akarudi na mashine. Ilikuwa nyeusi, nzito, imejaa vidude vya kubonyeza na mkono wa chuma ubavuni. Ukiuvuta mkono, kengele inalia, droo inachomoka, na kijikaratasi cha bei kinatoka. Bweta likaingia uvunguni mwa meza.

"Sasa mtu analipa kwanza," Mohsin alisema, huku akiifuta mashine kwa ncha ya kilemba. "Anapewa cheti, wewe unakiweka kidirishani pa jikoni, mama akiona bei anajua ni chakula gani. Basi. Hoteli za kisasa hazina makelele, Asheri. Hata neno moja sitaki."

"Na mimi je, Sheikh?"

"Kupeleka vyeti si kazi ya mtu mzima. Tutatazama mwezi ukiisha."

Asheri aliiona miiba ya mkonge ikimngoja.

Siku zikaenda kimya. Kengele ililia, cheti kikafika kidirishani, mkono wenye hina ukakichukua na kurudisha sahani. Wateja wakala kama watu walio matangani. Asheri akirudi nyumbani, sauti yake ilikuwa nzima, nyororo kama ya Jumapili asubuhi, na Dorkasi hakuipenda. Chupa ya asali akairudisha juu ya kabati.

Jumamosi akaja Mzee Ernesti kutoka Pongwe. Mzee huyu hakuwa na meno. Zamani Asheri alikuwa akisema tu, "Mzee wa Pongwe amefika!" na huko jikoni Bi Muzna akailoweka mofa katika mchuzi wa nazi mpaka ikalainika. Leo alipewa cheti kama wengine. Mofa ikaja kavu, ngumu kama kigae. Mzee aliigeuza huku na huku, akairudisha sahanini taratibu, akabaki na chai yake.

Asheri aliipeleka sahani kidirishani, mdomo kaufunga. Alipogeuka tu, pazia likatikisika.

"Asheeeri! Nani karudisha mofa yangu haijamegwa?"

Hoteli nzima ikageukia pazia. Wamo waliokula mapishi ya mama huyu tangu ujanani, wala hawajapata kuisikia sauti yake.

Asheri alimtazama Mohsin. Mohsin akatikisa kichwa: usijibu. Akamtazama Mzee Ernesti, aliyekuwa akikoroga kikombe kilichokwisha chai. Akajisemea moyoni, kama ni kurudi kwenye mkonge, na uwe mkonge.

"Mzee wa Pongwe, Bi Muzna! Meno hana, wamjua!"

"Na hilo nalo ulitangaze, mwanangu?" Mzee Ernesti alisema, na watu wakaangua kicheko.

"Mwambie asiondoke," sauti ikarudi. "Na wewe, Mohsin! Wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Makaratasi yako yana bei. Watu wako wapi? Mimi nitampikiaje nisiyemjua?"

Mohsin aliitazama mashine yake, akawatazama wateja waliokuwa wakimtazama yeye. Akajipangusa uso.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Hesabu ni ya mashine, Asheri, usiitangaze tena. Watu, waite wewe."

"Na mwezi ukiisha, Sheikh?"

"Mwezi ukiisha utapokea mshahara wako. Waite, bwana, mama anangoja!"

Asheri akavuta pumzi. Akamwita fundi cherehani, akamwita mwenye mwavuli, akawaita hata waliokwisha kula na kunawa, ili mradi wajulikane kuwa wapo. Mzee Ernesti alikuwa akila mofa laini, mchuzi ukimchuruzika kidevuni.

Jioni Dorkasi alisikia mlango, hakusikia hodi. Akatoka kutazama. Mumewe alifungua mdomo kumweleza, kikatoka kikwaruzo tu.

Dorkasi alicheka, akampa mtoto ampakate, akapanda kigoda kuishusha asali.