Maji ya Bijou

Huku mtaani Muhumba, mwanamke akijifungua, wa kuitwa ni Maman Eulalie. Ndiye anayeogesha watoto wachanga na kuwakanda mama zao kwa maji ya moto, na kiwiko chake kikishaingia kwenye beseni, hakuna anayebishana na maji hayo. Siku nyingine anafanya kazi nyumbani kwa Papa Hugues, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye anafuga chatu mdogo, Bijou.

Juma lile ngozi ya zamani ilimkwama Bijou hadi machoni, na Hugues alikuwa anakwenda Sange. Akamwachia Eulalie kipimajoto.

"Maman, umuweke mu maji kidogo, digri vingt-huit, ishirini na nane. Isipite trente, thelathini. Huyu akikufa, sitafuga mwingine."

Asubuhi iliamka na mvua na baridi. Eulalie alimhurumia mnyama: mgonjwa gani huogeshwa maji ya baridi siku kama hiyo? Akateleka sufuria kwenye mbabula ya makaa, akachanganya, akatia kiwiko. Kipimajoto kilibaki dirishani.

Rosette, jirani wa Hugues, alichungulia kupitia ua. "Eulalie, leo unaogesha mutoto ya nani? Ya Eva?"

"Eva alisikiliza nyoka. Miye namuogesha tu."

"Basi umupake na mafuta ya bebe!"

Wakacheka. Lakini Bijou alipoguswa na maji alijirusha ukingoni, akapanua kinywa, kisha akalegea kama kamba. Eulalie alimtoa haraka, akamlaza juu ya taulo, akafanya ishara ya msalaba. Alipotia kipimajoto majini kilionyesha thelathini na saba. Akampigia Hugues simu.

"Nyoka haina moto yake, maman," alisema Hugues taratibu. "Inakamata ile ya maji. Acha ipumue kwanza."

Eulalie alikaa chini kando ya taulo akisali rozari, macho kwenye ubavu wa Bijou. Ubavu ukapanda, ukashuka. Baadaye ulimi ukatoka.

Alasiri akachemsha maji mengine, akaongeza ya bomba hadi kipimajoto kikafika ishirini na nane. Kiwiko kilisema ni baridi, hakukisikiliza. Bijou alitulia, akanywa. Ngozi ilianza kubanduka puani, na Eulalie akaisaidia kwa kitambaa chenye maji, polepole, mpaka macho yakang'aa.

Hugues aliporudi aliikuta ngozi imeanikwa kwenye kamba ya pamoja uani, kando ya nepi za mjukuu wa Rosette.

"Papa, nilimuchoma kidogo," Eulalie alisema kabla ya salamu.

Hugues alimtazama Bijou, akamtazama yeye. "Mwezi ujao utamuogesha tena," akasema.