Darla Alipoupima Upinde wa Baba Yake

Lavern Prochnow ni mtu wa kuudhi, na nasema hivyo mimi jirani yake ninayempenda. Ulipokuwa ukimpelekea upinde akurekebishie, hakuanza na upinde, alianza na wewe: unasimamaje, unashikaje, nani kakufundisha ujinga huo. Karibu kila upinde wa puli, ule wenye vigurudumu vya kamba, katika mji wetu huku kaskazini mwa Wisconsin umepita kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Hakuruhusu mtu aondoke na wake mpaka kigumba cha kuwindia na ncha ya mazoezi vichome mahali pamoja.

"Ncha ya mazoezi inasamehe," alikuwa akituambia. "Kigumba kina nyembe tatu, na kila wembe ni bawa. Ukikosea kidogo tu, kinakutangaza."

Kazi yenyewe inataka subira. Vigumba vikienda kushoto, unakisogeza kulia kile kitako unapolalia mshale, unene wa karatasi basi, kisha unapiga tena. Wengine huona uvivu, wakaingia porini hivyohivyo. Lavern hakuwasalimia watu hao hata kanisani, maana kulungu aliyechomwa vibaya hukimbia akafie mbali, peke yake, na nyama ikaoza.

Vuli iliyopita jambo hilo lilimpata yeye mwenyewe. Alimpiga dume mmoja tumboni, tukamtafuta kwenye kinamasi cha mierezi mpaka alama za damu zikatuishia. Lavern alikataa bia, akakataa chakula, akaulaumu upinde. Wakati huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kutetemeka, na karakana alikuwa ameshamwachia binti yake, Darla. Sote tuliuona mkono. Hakuna aliyeutaja, hata mimi.

Mwaka huu, msimu wa kuwinda ukiwa unafunguliwa Jumamosi, nilikwenda Alhamisi kuchukua upinde wangu. Nikamkuta Lavern uani akipiga shabaha, Darla kando yake ameshika ufunguo wa skrubu. Ncha za mazoezi zilikuwa zinakwenda vizuri tu. Kigumba cha kwanza kikaenda kushoto. Darla akasogeza kitako. Cha pili kikaenda kulia. Akarudisha nusu. Cha tatu kikaangukia chini, kushoto tena. Moyo ukaniuma, kwa sababu upinde mbovu hukosea upande uleule kila mara. Kinachotangatanga ni mkono.

"Sogeza tena," Lavern akasema.

"Nimesogeza, Baba."

"Basi hujui kusogeza."

"Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha. Kusikiliza ndiko ulikokataa, kama marehemu mama yako." Akacheka kidogo, kisha akamnyooshea upinde. "Haya, piga wewe. Ukipatia, ubovu ni wangu. Ukikosa, ni wa upinde."

Mvuto wa upinde ulikuwa mrefu kidogo kwa mikono ya Darla, lakini aliuvuta. Ncha ya mazoezi ikachoma katikati. Kigumba kikaenda kushoto, upana wa kiganja.

"Umeona?" Darla akasema haraka. "Ni upinde. Niachie mpaka wiki ijayo nitaushughulikia. Jumamosi pumzika tu."

Lavern alikwenda mwenyewe kuchomoa mishale, akarudi polepole.

"Umepinda kifundo cha mkono," akasema.

"Sijapinda."

"Darla. Nimekutazama ukivuta upinde tangu ukiwa mtoto. Umekipinda makusudi."

Darla akauinamia upinde. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

"Piga tena, mwanangu. Safari hii piga vizuri."

Akapiga. Mshale wa kwanza ukaingia katikati, na kigumba kikaufuata karibu mno hata kikakata manyoya ya mkia wake. Upinde ule haukuwa na kasoro hata chembe.

"Sawa," Lavern akasema. "Sasa ufupishe mvuto, uwe wa mikono yako."

"Nikiufupisha hautaitosha mikono yako tena, Baba."

"Najua. Mimi ndiye fundi hapa."

"Tungoje basi hata Jumapili."

"Nikingoja, Jumamosi nitauchukua. Najijua. Nitamchoma mwingine tumboni, halafu nitakuja hapa nikwambie usogeze kitako."

Nilitaka kuondoka, nikabaki nikitazama. Darla aliulaza upinde mezani, akaanza kufungua skrubu za puli. Lavern akasogea kumsaidia kama walivyozoea miaka yote, akaushika upande wa pili ili usicheze wakati binti yake anafanya kazi. Ukawa unacheza kwa sababu ya mkono wake. Ufunguo ulimteleza Darla mara kwa mara, akaurudisha, ukateleza tena, na hata mara moja hakumwambia baba yake auachie.