Amri Yangu Iliyomuua Nabwire

Heri niwasimulie mwenyewe kabla Hajati Zaituni hajawafikia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, nami aibu yangu haihitaji kiungo: Jumamosi moja alasiri, huko Nakaloke, nje ya mji wa Mbale, mbele ya watu wasiopungua ishirini, nilimuua mwanamke asiye na hatia kwa kutamka tu "kanuni ni kanuni", ilhali kitabu chenye kanuni hizo kilikuwa mkobani mwangu, katikati ya miguu yangu, na sikukifungua.

Mwanamke mwenyewe alikuwa wa kubuni (pumueni). Mchezo wetu ni ule wa kuketi mezani na kusafiri kwa maneno: kila mchezaji hubeba mhusika wake, na karatasi inayoeleza nguvu na vipawa vyake, msimulizi hueleza mapango na majitu, na dadu huamua nani kapiga na nani kakosa. Mhusika akifa, karatasi yake hupinduliwa kifudifudi, na harudi tena. Mimi hufundisha chuoni Jinja na kukaa mtaa wa Mpumudde, na kwa kuwa niliwahi kuandika kwa Kiswahili maelezo ya kanuni ngumu za mapigano, kundi la Mbale (wengi wao askari magereza, kila mmoja na lugha ya kwao, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha) lilinialika niwe mwamuzi siku ya kumuaga Koplo Amoding. Koplo alikuwa amehamishiwa Karamoja na angeondoka Jumatatu. Kwa miaka miwili alikuwa amembeba Nabwire, mpiga mishale mwenye ulimi mkali kuliko mishale yake, na ombi lake lilikuwa moja tu: Nabwire atoke pangoni akiwa hai, ili wasafiri pamoja.

Tulikutana katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Hajati Zaituni, ambaye naye ni mchezaji, tena wa kelele. Msimulizi alikuwa Sajini Wepukhulu, mkubwa wa Koplo kazini. Aliniwekea kiti kilichotandikwa kitenge, akanipigia saluti mbele ya watazamaji, akasema, "Madamu, leo wewe ndiyo afande ya kanuni. Ukisema, imekwisha." Nilicheka, lakini moyoni niliumuka kama andazi.

Swali la kwanza likaja: je, mtu aweza kujificha na kupiga katika zamu hiyohiyo? Nikajibu papo hapo, bila kitabu, na nikapatia, watu wakapiga makofi. La pili nikapatia pia. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza, kwamba sitafungua kitabu siku hiyo nzima, kwa sababu (nawaambia ukweli) mwamuzi anayepekua kurasa nilimwona kama bibi harusi anayeuliza jina la bwana harusi.

Basi, wakafika mwisho wa pango. Jitu la mawe, lenye zamu mbili katika kila duru (duru ni mzunguko mmoja wa zamu za wote), likampiga Nabwire, lakini mhusika wa Hajati, mlinzi aitwaye Jabali, ana kipawa cha kuruka mbele ya mwenzake na kulipokea pigo. Akamkinga. Zamu ya Hajati ikafika, akarusha mkuki. Kisha jitu likamgeukia Nabwire tena, Sajini akatupa dadu, na pigo likawa la kuua.

"Nakinga!" Hajati akapiga kelele.

Wote wakanitazama. Nikanyoosha kidole. "Umekwisha kukinga katika duru hii, Hajati. Kinga hairudi mpaka duru iishe."

"Lakini zamu yangu imepita, Madamu! Haikunirudishia kinga?"

"Kanuni ni kanuni."

Koplo Amoding aligusa daftari lake, akaliacha. Akasimama wima, akanipigia saluti. "Ndiyo, afande." Akaipindua karatasi yake kifudifudi, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa huruma, "Bambi, maskini, Koplo wetu!" na mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kuhutubu kuhusu haki na uchungu wake, hotuba ndefu, ambayo nusu yake siikumbuki na nusu nyingine natamani nisiikumbuke.

"Tumekuelewa, mama," Hajati akanikatiza. "Ni ukurasa wa ngapi, tusome tufaidi?"

"Arobaini," nikasema (kwa nini arobaini, Mungu ndiye ajuaye).

"Hebu tuone kitabu."

"Nimekiacha Jinja."

Uongo wangu ungeweza kuishi, lakini nilimwona Koplo akijifuta macho kwa kiganja, nami huruma ikanishika, nikainama kuchomoa leso mkobani nimpe, na leso ikatoka imenasa kwenye jalada la kitabu, na kitabu kikaanguka sakafuni kwa kishindo, chali, kila mtu alisome jina lake.

"Heee!" Hajati akashika kiuno. "Kumbe Jinja yenyewe imekuja ndani ya mkoba!"

Chumba kizima kilicheka. Hajati akakiokota, akafungua ukurasa wa arobaini, akausoma kwa sauti ya mhubiri: namna ya kuwalisha punda safarini. Wakacheka zaidi. Kisha akapekua, akakuta mahali penyewe, na hapo sauti yake ikashuka: kinga hurudi mara tu zamu ya mwenye nayo inapoanza. Kicheko kikakatika. Nabwire hakustahili kufa.

Nikamgeukia Koplo. "Ulijua?"

"Nilijua, afande. Niliandika hiyo kanuni kwa daftari yangu."

"Mbona hukusema?"

"Kwetu amri tunatekeleza kwanza. Malalamiko ni baadaye."

"Baadaye lini, na Jumatatu unaondoka?"

Akainamisha macho. "Nilifikiri nitakuandikia barua kutoka Karamoja."

Nawaambia, vicheko vyote vya Nakaloke havikunichoma kama barua ile ambayo haijaandikwa. Nikaomba karatasi igeuzwe, lakini Sajini akatikisa kichwa. "Madamu, amri ilitoka mbele ya watu. Lazima ifutwe mbele ya watu. Usimame."

Nikasimama (mwanamke wa umri wangu, mhadhiri) nikasema kwamba mimi, mwamuzi, nilihukumu bila kusoma, na kwamba niliposema kitabu kiko Jinja nilidanganya. Hakuna aliyecheka, jambo lililonielemea kuliko kicheko. Koplo akaigeuza karatasi. Hajati akarudia, safari hii kwa utulivu, "Nakinga," na pigo lile la kuua likamwangukia Jabali, mlinzi wake wa miaka miwili.

Nilitaka kusema pole. Hajati akaniwahi. Akaipindua karatasi ya Jabali kwa mkono wake, akaipapasa. "Huyu amekufa kwa haki yake. Mwacheni alale." Nabwire akatoka pangoni, na Jumatatu akaenda Karamoja, amekunjwa ndani ya daftari la Koplo.

Bado naitwa kuamua, Jinja na Mbale, na kitabu sasa hukiweka wazi juu ya meza. Lakini nimegundua kwamba kitabu peke yake hakitoshi, kwa kuwa siku ile ukweli ulikuwa umesimama mbele yangu ukinipigia saluti. Kwa hiyo nimejiwekea nadhiri: kabla sijatamka lolote, namwuliza kwanza mwenye cheo kidogo kuliko wote, na namwomba anijibu akiwa ameketi.